Kitengo, mamlaka au wizara: chombo gani kisimamie TEHAMA?

Neno "kusimamia" ndilo linalovuruga mjadala huu tangu mwanzo. Mbunge akisimama kudai serikali iunde chombo cha kusimamia TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, huenda anawaza makampuni ya simu na bei za vifurushi. Mwenzake anayegonga meza kumuunga mkono anawaza mfumo wa ardhi usiosomana na ule wa kodi. Waziri naye anawaza mkongo wa mawasiliano, vituo vya data na vijana wanaotengeneza programu. Wote wanaitikia "ndiyo", muswada unapita, na baada ya miaka miwili kila mmoja anauliza mbona chombo hiki hakifanyi kile alichokusudia.

Basi tuanze kwa kutenganisha kazi. Ya kwanza ni uamuzi wa soko: kutoa leseni, kugawa masafa ya mawasiliano, kupatanisha mitandao inayogombania gharama za kuunganisha simu, kusikiliza malalamiko ya wateja. Ya pili ni ujenzi: mifumo ya serikali yenyewe, seva zake, mtandao unaounganisha ofisi zake, na viwango ambavyo kila taasisi ya umma italazimika kuvifuata. Ya tatu ni sera, yaani nchi inaelekea wapi na nani alipie safari. Ipo ya nne, ulinzi wa taarifa binafsi, nayo nitairudia baadaye kwa sababu haikai vizuri na yoyote kati ya hizo tatu.

Maumbo yanayoshindaniwa, ukiyapanga kando kwa kando, ni haya:

| Umbo | Muda wa kuanza | Nguvu ya kuzuia mradi mbaya | Linapopata ufa |
|---|---|---|---|
| Kitengo katika ofisi kuu ya serikali | Miezi michache | Kubwa, maadamu mkubwa anakiunga mkono | Mkubwa huyo akiondoka |
| Mamlaka kwa tangazo la serikali | Miezi michache | Inategemea utii wa wizara | Tangazo jingine likitoka |
| Mamlaka kwa sheria ya bunge | Mwaka au zaidi | Kubwa, ikiwa imeandikwa wazi | Ikigeuzwa duka |
| Wizara kamili | Mwaka au zaidi | Ndogo, kwa kuwa wizara nyingine ni wenzake | Mawaziri wakibadilishwa mara kwa mara |
| Chombo kimoja cha kila kitu | Mwaka au zaidi | Kubwa kupita kiasi | Kinapolazimika kujihukumu chenyewe |

Jedwali halionyeshi kila kitu, kwa hiyo nitaeleza pale ninapoona pana uzito zaidi.

Kitengo kidogo chenye mkono kwenye mfuko

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Uingereza. Mwaka 2011 iliundwa Government Digital Service, kitengo ndani ya Cabinet Office, ofisi inayoratibu kazi za serikali nzima. Hakikuwa na sheria yake wala bodi ya wakurugenzi. Kilichokuwa nacho ni waziri aliyekisimamia kwa dhati, Francis Maude, na haki ya kupitia matumizi ya TEHAMA ya idara nyingine kabla fedha hazijatoka. Ilipofika Oktoba 2012, tovuti moja ya serikali, GOV.UK, ilikuwa imechukua nafasi ya tovuti mbili kuu zilizokuwapo, na baadaye tovuti za idara zikaanza kuhamia humo moja baada ya nyingine.

Chanzo cha nguvu hiyo hakikuwa cheo. Idara kubwa za serikali zina makatibu wakuu wazoefu, na hakuna katibu mkuu anayebadili mipango yake kwa sababu vijana wa kompyuta wamemshauri vizuri. Hubadilika anapojua kwamba bila saini yao malipo hayapiti. Ukitaka kujua kama chombo kinachopendekezwa kitakuwa na meno, ruka kurasa za malengo na dira, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha fedha.

Udhaifu wa umbo hili unatoka palepale penye nguvu yake. Kilichopewa uwezo na utashi wa kiongozi hupungukiwa utashi huo unapohamia kwingine. Mwaka 2024 serikali mpya ya Uingereza ilikihamishia kitengo hicho kwenye wizara ya sayansi na teknolojia. Huenda uamuzi huo ni mzuri, lakini kinachonisimamisha ni kwamba nyumba nzima iliweza kuhamishwa bila bunge kuandika sheria mpya. Kwa nchi yenye utumishi wa umma uliotulia, hilo linavumilika. Kwa nchi ambayo kila uchaguzi huleta mpangilio mpya wa wizara, kazi ya miaka mitano inaweza kupotea ndani ya wiki moja.

Tangazo au sheria?

Afrika Mashariki inatupa ulinganisho safi. Kenya iliunda Mamlaka ya TEHAMA mwaka 2013 kwa Tangazo la Kisheria Na. 183, chini ya sheria ya mashirika ya umma. Iliunganisha vyombo vitatu vilivyokuwa vikipishana: Bodi ya TEHAMA, Kurugenzi ya Serikali Mtandao, na idara iliyokuwa ikitoa huduma za kompyuta serikalini. Uganda ilikuwa imepita njia ndefu zaidi, ikapitisha sheria ya bunge iliyoanzisha NITA-U, mamlaka yake ya taifa ya TEHAMA, mwaka 2009.

Tanzania ilipita njia zote mbili, na ndiyo maana historia yake inastahili kusomwa na yeyote anayeandaa muswada wa namna hii. Mwaka 2012 ilianza na Wakala ya Serikali Mtandao, chini ya sheria ya jumla ya wakala za serikali. Wakala ulijenga mifumo, ukatoa miongozo, ukashauri. Mwaka 2019 bunge likapitisha Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka huo, na wakala ukawa Mamlaka. Watu wengi waliona jina tu limebadilika. Mabadiliko yenyewe yalikuwa ya kisheria: chombo kilichokuwa kikishauri sasa kinasimamia utekelezaji, na taasisi ya umma yenye mradi wa TEHAMA inatakiwa kuupitisha kwake. Kati ya mshauri na msimamizi kuna umbali wa sheria nzima.

Tangazo lina faida ya haraka, na sitalibeza. Pale ambapo vitengo vitatu vinanunua seva zilezile mara tatu, kusubiri bunge mwaka mzima ni hasara inayohesabika. Lakini kilichoundwa kwa tangazo kinaweza kufutwa kwa tangazo. Tena kuna jambo la heshima ya kiofisi: mkurugenzi mkuu wa chombo cha tangazo akimwandikia barua mkuu wa taasisi iliyoanzishwa na bunge, barua hiyo husomwa kama ombi.

Kama ningekuwa naandika ratiba, ningeanza kwa tangazo leo na kuweka tarehe ya kupeleka muswada bungeni. Bila tarehe hiyo, chombo cha muda huzoeleka kikawa cha kudumu, na udhaifu wake wote ukadumu nacho.

Mlango na duka

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote, na ndipo wanaotunga sheria hutumia muda mchache.

Afrika Kusini ilitunga Sheria Na. 88 ya 1998 na kuanzisha SITA, wakala wa taifa wa TEHAMA. Wazo lilikuwa la busara: serikali inunue kwa wingi ili ipate bei nafuu, na mifumo iwe ya aina moja. Idara zikatakiwa kununua bidhaa na huduma za TEHAMA kupitia kwa wakala huo. Kwa miaka mingi idara zimelalamika kwamba ununuzi unachelewa na kwamba bei zinazidi za soko. Mwaka 2025 waziri mwenye dhamana alibadili kanuni, na idara zikaruhusiwa, kwa masharti, kununua kwingine.

Angalia jinsi hali hiyo inavyozaliwa hata pale ambapo kila mtu ana nia njema. Chombo kinapewa haki ya kukataa miradi ya wengine. Kinapewa pia kazi ya kuwauzia huduma hao hao. Kisha hazina inakiambia kijitegemee kwa ada za huduma. Sasa kila ombi linalofika mezani kwake ni mteja anayetaka kwenda kwa mshindani, na chombo hichohicho ndicho kinachoamua kama aruhusiwe. Hakuna haja ya kumtafuta mwizi mahali hapo. Mpangilio wenyewe unatosha kuharibu kazi.

Kwa hiyo naona heri chombo kishike mlango na kiachane na duka. Kiseme mradi huu haupiti kwa sababu kuna mfumo mwingine unaofanya kazi hiyohiyo, au kwa sababu hauwezi kusomana na vitambulisho vya taifa, au kwa sababu mkataba unamwachia mzabuni umiliki wa data. Kijenge chenyewe vile vichache ambavyo kila mtu anavihitaji na hakuna taasisi moja inayoweza kuvibeba: mtandao wa serikali, daraja la kubadilishana taarifa, saini za kielektroniki. Vingine viachiwe wenye kazi, ndani ya viwango.

Estonia ilichagua njia inayofanana na hiyo. Daraja lake la kubadilishana taarifa, X-Road, lilianza mwaka 2001. Mamlaka yake ya mifumo ya taarifa, RIA, ilikuja mwaka 2011, na inalinda daraja hilo huku kila wizara ikibaki na mifumo yake. Nguzo ya mpangilio huo ni kanuni ya kisheria: ni marufuku kuanzisha kanzidata nyingine kukusanya taarifa zilezile ambazo serikali tayari inazo. Kifungu kimoja cha namna hiyo huokoa fedha kuliko kamati kumi za uratibu. Ni kweli kwamba Estonia ina watu takriban milioni 1.3 na ilianza karibu na ukurasa mtupu, kwa hiyo nchi yenye mifumo mamia ya zamani haitaiga kasi yake. Kifungu chenyewe kinaigika popote.

Chombo kimoja cha kila kitu

Wazo hili huwavutia wanasiasa kwa sababu linasikika kama ubanaji matumizi: mdhibiti wa simu yupo, ana jengo, ana mapato ya leseni, basi mwongezeeni na mifumo ya serikali.

Singapore ilifanya hivyo ikiwa na uwezo mkubwa. Desemba 1999 iliunganisha bodi yake ya kompyuta na mdhibiti wake wa simu, ikapata IDA. Chombo hicho kilidhibiti soko na kuongoza TEHAMA ya serikali kwa zaidi ya miaka 16. Oktoba 2016 kilitenganishwa: udhibiti na ukuzaji wa soko ukaenda IMDA, pamoja na masuala ya vyombo vya habari, na ujenzi wa mifumo ya serikali ukaenda GovTech. Sisemi kwamba IDA ilishindwa. Nchi yenye nidhamu ya namna ile iliona kwamba kazi hizi mbili zinahitaji watu wa aina mbili na kasi mbili, na hilo linatosha kumfanya mwingine asite.

Sababu ya ndani zaidi ni ya haki. Serikali hununua intaneti na huduma za simu kwa makampuni yaleyale inayoyapa leseni. Mara nyingi inamiliki mkongo unaoshindana nayo. Mkononi ina leseni, faini na masafa. Ukiweka mnunuzi, mshindani na mwamuzi katika ofisi moja, kampuni iliyoshindwa zabuni jana itaipokea faini ya leo kama kisasi, hata ikiwa faini ni ya haki kabisa. Waraka wa rejea wa mawasiliano wa Shirika la Biashara Duniani, wa mwaka 1996, unataka mdhibiti awe huru na asiwajibike kwa mtoa huduma yeyote wa mawasiliano. India ilikwenda mbali zaidi: ilianzisha mdhibiti, TRAI, mwaka 1997, na mwaka 2000 ikamwondolea hata kazi ya kuamua migogoro na kuipa mahakama maalumu.

Tahadhari moja, maana neno "kuunganisha" lisipewe ubaya wote. Kuunganisha wadhibiti wa kazi zinazofanana kumekuwa na mantiki. Tanzania iliunganisha tume ya mawasiliano na tume ya utangazaji kwa sheria ya 2003, ikapata TCRA. Mwaka huohuo Ofcom ya Uingereza ilirithi kazi za wadhibiti watano. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia na ICASA mwaka 2000. Waya mmoja ulikuwa umeanza kubeba simu, redio na televisheni, na mwamuzi mmoja alitosha.

Wizara kamili

Ufilipino ilizunguka sana kabla ya kufika hapa. Mwaka 2004 iliunda tume ya TEHAMA kwa amri ya rais. Mwaka 2011 tume hiyo ikashushwa kuwa ofisi ndani ya idara ya sayansi na teknolojia. Mei 2016 ikapitishwa Sheria Na. 10844 iliyounda idara kamili, ambayo kwa mpangilio wa nchi hiyo ni wizara. Ukiifuata safari hiyo utaona gharama ya kutegemea amri: miaka 12 ya kupanda na kushuka.

Wizara inaleta kiti katika baraza la mawaziri, na kiti hicho ni cha maana siku bajeti inapogawanywa. Lakini waziri wa TEHAMA hana uwezo wa kumkatalia waziri wa fedha mradi wake. Wapo sawa. Na mifumo mikubwa kuliko yote, ya kodi, mishahara na malipo, ipo mikononi mwa fedha. Ndiyo maana wizara peke yake hufaa zaidi kwa sera, na huhitaji chombo cha utendaji chini yake au pembeni yake.

Halafu kuna mishahara. Mtaalamu wa usalama wa mtandao anaajiriwa kwa kushindaniwa na mabenki, makampuni ya simu na waajiri wa ng'ambo wanaomlipa akiwa amekaa nyumbani kwake. Wizara inamlipa kwa ngazi ya utumishi wa umma, sawa na afisa mwingine yeyote wa kiwango chake cha elimu. Mamlaka yenye bodi inaweza kuruhusiwa kupanga ngazi zake. Suala hili huchukuliwa kuwa dogo, la kuachiwa kanuni. Mimi naliona lina uzito karibu sawa na kifungu cha fedha, kwa sababu chombo kisicho na wahandisi wake hakiwezi kupinga andiko la mzabuni. Kitagonga muhuri tu.

Fedha zitoke wapi

Ruzuku ya hazina huweka chombo karibu na bunge, ila hukatwa mwaka mgumu. Ada za huduma nimeshazieleza ubaya wake. Nigeria ilichagua njia ya tatu: sheria ya mwaka 2007 ya NITDA, wakala wake wa TEHAMA, iliyatoza makampuni ya sekta zilizotajwa, yakiwemo ya simu, mabenki na bima, asilimia 1 ya faida kabla ya kodi, kwa yale yenye mauzo ya kuanzia naira milioni 100. Tozo ya namna hiyo hutabirika, lakini anayeilipa ana haki ya kuuliza inamfaidi vipi ikiwa inakwenda kwenye mifumo ya ofisi za serikali. Ningechagua ruzuku kwa kazi ya mlango, na ada ndogo zisizo na faida kwa miundombinu ya pamoja.

Taarifa binafsi zikae mbali

Serikali ndiyo mkusanyaji mkubwa wa taarifa za watu kuliko kampuni yoyote ya nchi. Chombo kinachojenga kanzidata hizo hakiwezi kuwa ndicho kinachompokea raia anayelalamika kwamba taarifa zake zimevuja. Nigeria ilianza na kanuni za ulinzi wa data zilizotolewa na NITDA mwaka 2019, na mwaka 2023 sheria mpya ikaipa kazi hiyo tume yake. Kenya ilitunga sheria mwaka 2019 na kuweka kamishna. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022 na tume ikaanza mwaka uliofuata. Hapa sioni la kulinganisha. Kitenganishwe.

Basi uchague lipi?

Kama nchi ina mdhibiti wa mawasiliano anayefanya kazi, aachwe alipo. Asiongezewe mifumo ya serikali, asipunguziwe mapato yake ili kulisha chombo kipya.

Kama hakuna kitu upande wa ujenzi, anza na kitengo kidogo katika ofisi yenye sauti juu ya wizara zote, kipewe haki ya kusaini matumizi ya TEHAMA tangu mwaka wa kwanza wa fedha, na muswada uandikwe wakati kitengo kikijifunza. Muswada unaoandikwa na watu waliokwisha kukataa miradi kadhaa huwa na vifungu bora kuliko ule wa kunakili kutoka nchi nyingine.

Kama tayari kuna vitengo vitatu au vinne vinavyogongana, nenda kwa mamlaka ya kisheria inayoviunganisha. Ugumu wa njia hii hauko kwenye malengo. Uko kwenye ukurasa wa mwisho wa sheria, masharti ya mpito, ambao husomwa wakati wabunge wamechoka. Humo ndimo huamuliwa seva zinahamia lini, mikataba ya wazabuni inarithiwa na nani, watumishi wanaobaki wanalipwa kwa ngazi ipi, na nani anashika nywila za mifumo asubuhi ya siku ya kwanza. Kila kitengo kinachofutwa kitajwe humo kwa jina, na tarehe ya kufutwa kwake iwe ndani ya sheria yenyewe, isiachwe kwa hiari ya waziri kuitangaza baadaye.